Mafuta Juu ya Kioo Kipya

Konea ya bandia ni ndogo kuliko kifungo cha shati, na siku ya kwanza nilipoishika kwa kibano nilitokwa na jasho mpaka kwenye soksi. Nawaambia hivi ninyi vijana mnaoingia thieta ya macho sasa, wenye vidole vyepesi vilivyozoea simu, msije mkadhani kwamba sisi wazee tulizaliwa tukijua. Nimestaafu. Nakaa hapa West Indies, mtaa wetu wa Eldoret, nakunywa chai yangu ya saa nne bila mtu kuniita, na mikono yangu haina kazi nyingine isipokuwa kuchambua mboga, ambayo mke wangu husema nimeichambua vibaya. Kwa hiyo muda wa kusema ninao.

Jina langu ni Odhiambo. Nilikuja Eldoret kutoka upande wa ziwa nikiwa nesi kijana, na mpango wangu ulikuwa kukaa miaka miwili nirudi nyumbani kwenye joto. Miaka miwili hiyo bado haijaisha. Wagonjwa walikuwa wakiniita daktari, kwa sababu wengi walidhani nesi ni lazima awe mwanamke. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha mmoja mmoja, baadaye nikachoka, na sitawaficha kwamba baada ya muda nikaanza kuipenda ile sauti.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Sista Perpetua, mama mfupi wa Kakamega mwenye sauti ndogo, ambaye hata madaktari wakubwa walikuwa wakirekebisha kola wakisikia viatu vyake. Siku yangu ya tatu alinifunga macho kwa bandeji, akanipa kikombe cha chai akasema, "Pelekea matroni." Nilifika. Chai pia ilifika, ila ilifika kwenye gauni la matroni. Kabla sijaomba msamaha, mkono ukanigusa shavu ghafla, nikaruka kama mbuzi aliyeumwa na nyuki. Alikuwa ni yeye Perpetua.

"Umesikia vile inakuwa?" akaniuliza. "Basi usiwahi kugusa uso wa mtu haoni kama hujamshika bega kwanza na kumwambia wewe ni nani."

Nimefanya hivyo miaka yangu yote. Bega kwanza, jina, halafu ndipo uso. Mkisahau mengine yote ninayowaambia hapa, hilo mlishike. Mtu akishalala chini ya kile kitambaa cha kijani hana kitu kingine cha kuamini isipokuwa mkono wako na sauti yako.

Sasa niwaeleze hii konea. Mbele ya jicho kuna kioo, kisafi kabisa, hata mishipa ya damu haipiti pale. Kikiungua au kikipata kovu, nyuma yake jicho linaweza kuwa zima lakini mwanga unafika umechafuka, na mtu anabaki kuona mchana na usiku tu. Kawaida tunaweka konea ya marehemu aliyekubali kutoa macho yake. Wanaokubali ni wachache, kwa sababu watu wetu wanaogopa kumzika mtu akiwa hajakamilika, na mimi siwacheki, hata mama yangu alisema hivyo hivyo. Tena kuna macho yanayoikataa konea ya mtu mwingine. Unaweka, inachafuka. Unaweka ya pili, inachafuka pia. Hao ndio konea ya bandia ilikuja kwa ajili yao.

Ile tuliyoanza nayo sisi ilikuwa ya kuunganisha wenyewe mezani, vipande vipande. Kuna kioo chenyewe, kina kishina kidogo nyuma. Unachukua konea ya marehemu, unaitoboa katikati, unaipitisha kwenye kile kishina, yaani hapo haina kazi ya kuona tena, ni fremu tu ya kushonea. Halafu bamba la nyuma lenye matundu. Halafu mwisho kabisa, pete ya madini ya titani, nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, ambayo ukiisukuma sawasawa inalia *tak*. Ukisikia hiyo *tak* unaweza kupumua. Ninyi mtakutana na zile mpya ambazo hazihitaji kitu cha marehemu hata kidogo. Mna bahati, lakini *tak* hamtaisikia.

Ili kujifunza, tulihitaji macho ya mbuzi. Nilitumwa mimi. Nilikwenda kwa muuza nyama mmoja mjini nikamwambia nataka macho sita, mabichi, yasiguswe. Akaniangalia. Wiki iliyofuata nikarudi nikataka kumi. Akainama juu ya meza akaninong'oneza, "Mzee, mimi siulizi. Lakini kama iko mtu ananiendea kwa mganga, si utaniambia?" Nilimweleza habari ya konea mpaka nikakauka koo. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, na tangu siku hiyo akawa ananipa nyama nzuri kuliko wateja wote. Nadhani aliniogopa tu.

Kwenye mazoezi hayo ndipo pete ya titani ilipoponyoka kibano changu. Ilikuwa ya mazoezi, lakini ilikuwa moja tu. Daktari Koech, mpasuaji wetu, alikuwa mrefu, mpole, na akikasirika anaongea polepole zaidi. Akasema, "Hakuna mtu kusonga." Tukapiga magoti watu watano, tukapapasa sakafu. Mimi nikapata akili kubwa. Nikakimbia ofisini, nikang'oa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, nikarudi nikaifunga na kamba, nikaanza kuivuta sakafuni taratibu kama mtu anayevua samaki, maana kwetu kuvua tunajua. Nilizunguka thieta nzima. Daktari Koech akaniacha nimalize pembe zote nne ndipo akasema, "Odhiambo, titani haishikwi na sumaku." Pete ilipatikana kwenye mkunjo wa aproni yangu mwenyewe. Mpaka nilipostaafu, mtu akipoteza kalamu pale thieta alikuwa akiambiwa aniite nije na sumaku.

Basi akaja Mama Leah.

Mama Leah alikuwa mfugaji wa Moiben. Miaka kumi na moja kabla hatujaonana, alikuwa akiwapulizia ng'ombe dawa ya kupe, mpira wa pampu ukachomoka, dawa yote ikamwingia usoni. Jicho moja likafa kabisa. La pili likabaki na kovu jeupe. Aliwekewa konea za marehemu mara mbili katika hilo la pili, zote zikachafuka. Akarudi nyumbani akaendelea kukamua ng'ombe kwa kupapasa, na anasema ng'ombe hawakuona tofauti.

Aliletwa kliniki na mke wa mwanawe, Nafula, msichana wa Kibukusu, yaani Mluhya, kutoka upande wa Kimilili. Nafula alikuwa ameolewa pale miaka tisa kabla ya siku hiyo, konea zote mbili zikiwa zimeshaharibika. Alimshika mama mkwe wake mkono tangu wiki ile ya kwanza: kwenda zizini, kanisani, chooni, hospitali. Mama Leah hakuwa amewahi kuona uso wake hata siku moja.

Daktari Koech alimkalisha akamwambia ukweli wote. Jicho ni moja. Nafasi ni moja. Ikiharibika, hata ule mwanga wa kujua mchana na usiku unaweza kwenda. Na ikifanikiwa, atavaa lenzi laini ya plastiki juu ya jicho siku zote ili lisikauke, na atawekewa dawa ya matone kila siku mpaka aingie kaburini.

"Ng'ombe nakamua kila siku mpaka niingie kaburini," Mama Leah akasema. "Hiyo ya dawa ni nini?"

"Lakini Mama, hiyo mwanga uko nayo sasa unaweza kuipoteza. Umefikiria?"

"Nimefikiria. Mimi nataka kuona huyu msichana. Miaka tisa ananishika mkono na sijui nashikwa na nani."

Nafula aliangalia chini. Nilidhani ni haya. Baadaye nikiwa korido akanifuata, akaniita daktari, nikamwacha aniite.

"Na asiponipenda?" akasema.

"Asikupende aje? Miaka tisa?"

"Wakati nilikuja alikuwa hataki Mluhya kwa boma yake. Alisema mbele ya watu. Sauti yangu akaizoea. Mkono akauzoea. Lakini uso hajaona, Daktari. Na tena akishaona, mimi atanihitaji ya nini?"

Nilimwambia twende nimfundishe kuweka matone, kwa sababu hilo ndilo nililolijua. Na ninyi sikilizeni, maana nimeona watu wenye digrii wakiliharibu. Tone halimwagwi juu ya jicho. Unavuta kope la chini taratibu mpaka liwe kama mfuko mdogo, unaangusha tone moja mle mfukoni, moja tu, la pili litatiririka shavuni bure. Mgonjwa anafunga jicho bila kulikaza. Unabonyeza pembeni, karibu na pua, dawa isishuke kooni. Kama kuna chupa mbili, subiri dakika tano kati yake, la sivyo ya pili inaifukuza ya kwanza. Ncha ya chupa isiguse hata unywele. Na usimwambie mfugaji "kila saa kumi na mbili." Mwambie ukamuaji wa asubuhi na ukamuaji wa jioni. Nafula alifanya mazoezi kwa maji safi kwenye jicho langu mimi mwenyewe, mpaka nikatoka pale nikiwa nimelowa shati na wenzangu wakiniuliza ni nani kanifia.

Upasuaji ulikwenda vizuri mpaka nikataka kuimba. Nilimshika Mama Leah bega, nikamwambia ni mimi. Akasema, "Wewe Mjaluo, mikono yako iko baridi," akapewa dawa akalala. Pete ililia *tak*. Daktari Koech alishona kwa ule uzi ambao bila darubini huuoni, akaosha, akaweka lenzi laini juu, akaniambia, "Funga," akageuka kuvua glavu.

Sasa mjue kitu kimoja. Katika miaka yangu yote, baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, baada ya wa kope, baada ya karibu kila kitu, kabla ya kufunga jicho tunapaka dawa ya mafuta, ile ya tyubu. Mkono wangu umefanya hivyo mara ambazo hazihesabiki. Lakini kwenye konea ya bandia hupaki, kwa sababu mafuta yanashika ile lenzi laini na kuitia ukungu. Nililijua hilo. Nililijua kuliko wote! Mimi mwenyewe niliandika karatasi kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani thieta: BAADA YA KONEA YA BANDIA, HAKUNA MAFUTA. Na chini nikaweka sahihi yangu.

Mkono haukusoma karatasi. Tyubu ilikuwa kwenye meza ya mgonjwa aliyefuata. Ikachukuliwa, ikakamuliwa, mstari mzuri ulionyooka, pamba juu, kifuniko cha plastiki, plasta. Nikaenda kunywa chai nikiwa mtu mwenye furaha.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa wadi kufungua jicho. Nafula alisimama upande wa miguu ya kitanda. Alikuwa amesuka nywele upya na kuvaa gauni la kanisani, la samawati. Nilimshika Mama Leah bega, nikajitaja, nikatoa kifuniko, nikatoa pamba, nikafuta kope.

"Fungua pole pole, Mama."

Akafungua. Tukangoja.

"Unaona nini?"

"Maziwa," akasema.

"Maziwa?"

"Nyeupe. Yote ni maziwa. Kama ya zamani tu."

Nafula aliketi kwenye kiti polepole. Nikamulika tochi, nikaona weupe pale mbele. Nikafikiria maambukizo, nikafikiria uzi umeachia, nikafikiria ule mwanga aliokuja nao. Halafu nikaiangalia ile pamba mkononi mwangu. Ilikuwa inateleza. Nikaisugua kwa vidole viwili, glavu ikang'aa mafuta.

Nataka kuwaambia ukweli juu ya dakika ile, kwa sababu nanyi mtafika pale. Ningeweza kuitoa ile lenzi mwenyewe, nikaisafisha kwa maji ya chumvi, nikairudisha, na hakuna mtu ambaye angejua mpaka leo. Vidole vyangu vilikuwa vimeshasogea. Lakini jicho lilikuwa na siku moja, nyuzi mbichi, na jicho lenyewe ni la pekee. Na kama kuna ugonjwa wa kweli chini ya mafuta, ningekuwa nimeuficha. Nikarudisha mikono. Niliona aibu, vijana wangu, aibu ile ya kukufanya masikio yawe moto, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

"Mama," nikasema, "nadhani hii ni makosa yangu. Nimekupaka mafuta pahali hapapakwi. Naenda kuita daktari."

"Kama ni makosa yako nitafurahi sana," akasema. "Kama ni makosa ya Mungu, hapo ndio kuna shida. Enda haraka."

Daktari Koech alikuwa kliniki, upande wa pili wa uwanja. Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia, ingawa nakaa mji wa wakimbiaji. Nilimwambia mbele ya wagonjwa wake wote, maana nilijua nikingoja tuwe wawili nitapata maneno ya kupamba. "Daktari, Mama Leah anaona maziwa. Nilimpaka mafuta."

Akaniangalia. "Ile karatasi kwa ukuta," akasema polepole sana, "nani aliandika?"

"Ni mimi, Daktari."

"Haya. Twende."

Tulimweka Mama Leah kwenye mashine ya kupimia, kidevu juu ya kile kiegemeo, paji la uso mbele. Daktari Koech akainama kwenye kioo chake. Alikaa pale muda mrefu. Nafula alikuwa amesimama mlangoni na nesi wa zamu, Chebet, msichana wa rika lake, naye amemshika mkono. Nilikuwa nimeanza kuomba kwa Kijaluo, jambo ambalo hulifanya tu hali ikiwa mbaya.

"Konea iko sawa," Daktari Koech akasema hatimaye. "Nyuma ni safi. Mbele kuna siagi."

Nilicheka. Sikukusudia, ilitoka tu, na macho yangu yakajaa maji hapo hapo. Akaitoa lenzi kwa ustadi wake, akaosha jicho kwa matone ya maji ya chumvi mara tatu, akafungua lenzi mpya, akaiweka. Mama Leah akapepesa. Chozi likashuka, akalifuta kwa mkono wa sweta. Akapepesa tena, akageuza kichwa.

"Hii ni dirisha," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kuna mtu mrefu. Huyu ni daktari. Wewe ndio Mjaluo wa mafuta. Umezeeka."

"Ndiyo, Mama," nikasema, na sijawahi kuambiwa kitu kitamu kuliko hicho.

Akageukia mlango. Pale walisimama wasichana wawili, wameshikana mikono, wote wamevaa samawati, mmoja sare na mwingine gauni la kanisani. Jicho likaenda kwa huyu, likarudi kwa yule. Nafula akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza!" Mama Leah akasema. "Mtu asiseme. Nipeni mikono."

Wakasogea. Akafunga lile jicho jipya, lile lililomgharimu miaka kumi na moja, akalifunga kabisa. Akaushika mkono wa Chebet, akaubonyeza mara moja, akauacha. Akaushika wa Nafula. Hakuuachia.

"Ni huyu," akasema. "Sasa wacha nione."

Akafungua jicho. Alimwangalia Nafula kuanzia kwenye nywele zilizosukwa, akashuka polepole, paji, nyusi, mashavu, kama mtu anayekagua ndama aliyezaliwa akiwa safarini. Nafula alikuwa amesimama kama mshtakiwa. Halafu, kwa woga tu, akajaribu kutabasamu.

"Wui!" Mama Leah akapiga kelele mpaka wagonjwa wa korido wakachungulia. "Nafula, uko na mwanya! Miaka tisa unacheka kwa nyumba yangu, na hakuna mtu aliniambia msichana wangu ako na mwanya! Kongoi, Mungu, asante. Mlikuwa mnanificha?"

Nafula akaangua kilio. Alilia na mabega yote, Chebet naye akaanza, na mimi nilikuwa nimetangulia zamani. Daktari Koech alikuwa akiandika kitu kwenye faili ambacho sidhani kilisomeka.

Mama Leah akamvuta Nafula karibu, akamshika kidevu, akamwinua uso kuelekea dirishani.

"Kulia nimekusikia miaka yote," akasema. "Cheka, nione."